Siku Tisa za Kwenda Koker

Nimerudi Tanga wiki tatu sasa. Daftari langu lililowa upande mmoja likakauka limejikunja, simu imejaa picha, na kila ninayekutana naye Ngamiani ananiuliza Irani nilifuata nini. Nimechoka kujibu vipande vipande. Naandika yote hapa, siku kwa siku pamoja na gharama, maana najua wako wengine wanaopenda filamu za namna hii na huenda wakataka kufika.

Niseme kwanza namna gani. Mwaka jana nilishuti filamu fupi nyumbani kwetu: dakika kumi na tisa, simu moja, mama yangu, kaka yangu na kikaango cha vitumbua. Siwezi kuiita ya hali halisi kwa sababu mengi niliwaomba wayarudie. Siwezi kuiita ya kubuni pia, kwa sababu kila mtu alikuwa yeye mwenyewe, ndani ya nyumba yake. Ndani yake kuna tukio ambalo limenikosesha usingizi. Ni ile asubuhi ya 2019 mama alipopigiwa simu kuambiwa baba hatunaye tena. Nilimwomba akae palepale na apokee simu tena. Nikamwomba na kanga abadilishe, kwa sababu aliyokuwa nayo ilikuwa na maua makubwa mekundu na kamera haikuipenda. Avae ile ya bluu, ya shangazi. Akavaa. Akapokea. Akalia kweli. Halafu akaingia jikoni, na hakusema nami mpaka magharibi.

Filamu hiyo haijatoka. Na aliyenionyesha kwamba filamu inaweza kutengenezwa hivyo ni Mwirani, Abbas Kiarostami. Nilimjua kwanza kwa ABC Africa, aliyoipiga Kampala na Masaka mwaka 2000 kwa kamera ndogo za mkononi, akiwafuata watoto yatima na kina mama wanaowalea. Kutoka hapo nikazifikia filamu zake tatu za Koker, kijiji cha milimani kaskazini mwa Irani. Ya kwanza ni ya 1987: mtoto amechukua daftari la mwenzake kwa bahati mbaya, anakimbia kutoka Koker hadi kijiji cha Poshteh kumrudishia, kwa kuwa mwenzake atafukuzwa shule. Walioigiza ni watoto wa hukohuko, tena wawili hao ni ndugu. Juni 1990 tetemeko la ardhi likaipiga mikoa ile, likaua watu zaidi ya 35,000. Kiarostami alipanda gari na mwanawe kwenda kuwatafuta wale watoto. Safari hiyo aliirudia na mwigizaji, ikawa filamu ya pili mwaka 1992. Ya tatu, ya 1994, inaonyesha jinsi tukio moja tu la filamu ya pili lilivyoshutiwa.

Nilitaka kukiona kijiji kilichoombwa mara tatu kirudie maisha yake.

Siku ya 1, Jumatatu 6 Mei 2024: Tanga hadi Dar

Basi la saa kumi na mbili asubuhi, nauli 19,000. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita mwishoni mwa wiki na mbingu bado zilikuwa zimefunga. Karibu na Mkata lori lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara, tukakaa saa mbili na nusu tukila mahindi ya kuchoma. Mbezi tulifika saa tisa alasiri, nikalala kwa binamu yangu Kimara.

Siku ya 2, Jumanne 7 Mei: angani

Tiketi ya kwenda na kurudi kupitia Doha ilinigharimu dola 740. Nilidunduliza miezi kumi na minne. Watanzania tulikuwa tumeondolewa viza mwanzoni mwa 2024 kwa wanaoingia kwa ndege na kukaa siku zisizozidi 15. Hata hivyo uliza ubalozini kabla hujalipa tiketi. Mambo ya viza hubadilika usiku mmoja.

Begi langu halikufika Tehran. Nilisimama mbele ya ule mkanda mpaka ukazimwa. Nilibaki na mkoba wa mkononi: daftari, chaja, dawa ya pumu, kanga moja na mtandio.

Kwa msafiri atakayefuata: weka nguo za siku mbili kwenye mkoba, usifanye kama mimi. Kadi zetu za benki hazifanyi kazi kabisa Irani, kwa hiyo beba dola taslimu za safari nzima, noti safi. Na pakua VPN, programu ya kupita vizuizi vya mtandao, ukiwa bado nyumbani, maana nilipokuwa huko WhatsApp ilikuwa imefungwa.

Siku ya 3, Jumatano 8 Mei: Tehran

Nilibadilisha dola 100 mtaa wa Ferdowsi, nikapewa tomani kama milioni tano na laki nane. Hapa watu wengi huchanganyikiwa. Noti imeandikwa riali, lakini mdomoni kila mtu anahesabu kwa tomani, na tomani moja ni riali kumi. Ukiambiwa bei, uliza "tomani?" kabla ya kufungua pochi.

Metro ina mabehewa ya wanawake peke yao, na humo ndani ni Kariakoo ndogo. Kina mama wanapita na soksi, vibanio, vitambaa vya kichwa, kila mmoja na sauti yake. Nilinunua soksi jozi mbili na sweta jembamba, nikaenda nazo mpaka Tajrish kuliona jumba la makumbusho ya sinema, lililomo ndani ya bustani ya Bagh-e Ferdows. Nilizunguka polepole. Bustani yenyewe, miti mikubwa na maji yanayopita kwenye mifereji ya barabarani, nimeikumbuka kuliko vilivyokuwa kwenye makabati.

Jioni nilinunua sangak, mkate mrefu unaookwa juu ya changarawe za moto. Ukiukung'uta, vijiwe vinadondoka. Nikautembeza mkononi hadi hotelini kama wafanyavyo wao. Filamu ya kwanza kabisa ya Kiarostami, ya 1970, ni hiyo tu: mtoto anarudi nyumbani na mkate, mbwa amemzibia njia. Aliitengenezea Kanoon, taasisi ya umma ya malezi ya watoto, ambako alisaidia kuanzisha kitengo cha filamu. Ndiyo maana filamu zake nyingi za mwanzo zinaanzia pale mtoto anapotumwa dukani. Watu wazima wamesimama mlangoni, wanaagiza, hawasikilizi. Nani kati yetu hakutumwa dukani akiwa na jambo zito kifuani?

Siku ya 4, Alhamisi 9 Mei: barabara ya kaskazini

Usisafiri kwenda kaskazini Alhamisi. Ijumaa ndiyo mapumziko yao, na Tehran nzima huhamia pwani ya bahari ya Kaspi. Basi kutoka stendi ya magharibi, karibu na mnara wa Azadi, lilikuwa tomani 230,000, chini ya dola nne, viti vya kulala, juisi na biskuti juu. Lakini kilomita zisizofika 300 tulizitembea kwa saa tisa.

Kiti cha pembeni yangu alikaa bibi mmoja mwenye mikono mikubwa ya mkulima. Alinitazama, akatazama mkoba wangu mdogo, akauliza kitu. Nikajibu maneno mawili niliyoyajua. Tukaanza mchezo wa kutafuta maneno yanayofanana. Yeye anaonyesha pamba ya sweta: "panbe." Mimi nasema pamba. Anaonyesha kitambaa: "rang." Nasema rangi. Chai ni chai, dunia ni "donya", habari ni "khabar". Kila tukilipata moja anapiga paja lake na kunimegea mkate.

Baada ya Qazvin milima ilitubana. Manjil upepo ulilisukuma basi kama mtu anayelitikisa mlango. Mashine kubwa za upepo zimepangwa juu ya vilima, na chini yake bwawa la mto Sefidrud lina rangi ya udongo wa mfinyanzi. Kisha Rudbar, na mizeituni. Sikuwahi kuuona mzeituni ila kwenye Kurani. Majani yake upande mmoja ni kijani, upande wa pili kama yamepakwa majivu. Upepo ukipita, mlima mzima unageuka rangi.

Ilikuwa saa nne usiku tulipokaribia Rostamabad. Nilikuwa na nafasi ya kulala Rasht, kilomita hamsini na kitu mbele, lakini bibi aliposhuka aliushika mkono wangu na mkoba pamoja. Mjukuu wake, binti wa chuo anayejua Kiingereza, alikuwa amekuja kumpokea. Akanitafsiria: "Bibi anasema mgeni hafiki mjini usiku peke yake. Nyumbani kuna wali."

Kulikuwa na wali, na mirza ghasemi: bilinganya zilizochomwa kwenye moto zikapondwa na nyanya, kitunguu saumu na mayai. Kulikuwa na zeituni zilizochanganywa na jozi (walnut) na maji mazito ya komamanga. Bibi alipopindua sufuria, chini ya wali kukatokea ukoko, mzima, wa dhahabu, mviringo kama sinia. Wao huuita tahdig. Aliukata, kipande kikubwa akakiweka kwenye sahani yangu. Nikamwambia yule binti kwamba kwetu ukoko ni wa watoto, hugombaniwa jikoni mpaka mtu analia. Alipotafsiri, bibi aliinuka, akaniletea na kilichobaki.

Usiku baridi ilinikuta sina kitu. Bibi alinivalisha koti lake la sufu na chador, shuka pana la kujifunika, ya nyumbani yenye maua madogo, akanifunga yeye mwenyewe kama mtoto. Yule binti akatupiga picha. Ninayo hapa mbele yangu. Ni mimi, lakini nimevaa usiku wa mtu mwingine, na uso wangu unaonyesha kabisa kwamba najua.

Siku ya 5, Ijumaa 10 Mei: ukungu

Mvua tangu alfajiri. Mkoa wa Gilan ndivyo ulivyo, mashamba yao ya mpunga hayaishi maji. Tulikodi teksi hadi Koker, mimi na yule binti. Dereva alipoulizwa bei alisema hataki kitu. Binti akacheka: huo ni taarof, adabu ya maneno. Utakataliwa pesa mara mbili tatu, nawe unasisitiza mpaka ipokelewe. Ukishukuru na kushuka, umemdhulumu mtu. Tulilipa tomani 300,000 kwenda, kutusubiri na kurudi.

Kilima cha kwenye filamu, nilichosafiria bahari na nchi, hakikuonekana. Mbele yetu palikuwa peupe kama shuka. Koker yenyewe imejengwa upya baada ya tetemeko: kuta za matofali, mabati juu, kuku chini ya baraza. Sikuuona ule mji wa udongo wenye ngazi na madirisha ya buluu nilioukariri kwenye filamu, na niliona haya kuutafuta kwa macho mbele ya watu waliofukiwa ndani yake.

Mama mmoja alikuwa amesimama barazani, akatuita tuingie tusilowe. Chai ililetwa kabla hatujasema tumefuata nini. Sukari ya mabonge, unaiweka kwenye meno na kunywa juu yake. Binti akamweleza. Mama akatikisa kichwa, akasema maneno ambayo niliyaandika palepale jinsi nilivyotafsiriwa: "Wageni wakija wanaulizia njia ya kilimani. Nikuonyeshe kwanza kwingine."

Akachukua mwavuli, tukamfuata makaburini. Herufi zao nazisoma kwa sababu ya madrasa, ingawa maana siipati, na tarakimu ni karibu zilezile za kwetu. Nilisoma kaburi la kwanza: 1369, mwezi wa 3, tarehe 31, kwa kalenda yao, yaani 21 Juni 1990. La pili, 1369, 3, 31. Sita yao ina umbo jingine, si ile ya madrasa, na kila jiwe ilinibidi nisimame kidogo kwenye ile sita. La tatu, tarehe ileile. La nne ileile. Hilo lilikuwa fupi, la mtoto. Tetemeko lilipiga saa sita na nusu usiku, watu wamelala. Nilisoma Fatiha kwa sauti, mama akaitikia amina, na yule binti ambaye hakuwa amezaliwa wakati ule alikuwa akipangusa maji kwenye mawe kwa mkono wake.

Kwenye filamu ya 1994 kuna kijana fundi mwashi, Hossein, anayeigiza bwana harusi aliyeoa mara tu baada ya tetemeko. Mwongozaji anamtaka aseme amepoteza ndugu sitini na tano. Hossein kila mara anasema ishirini na tano, kwa kuwa ndio aliowazika yeye. Inarudiwa, na tena, na tena. Nimeiona filamu ile mara nane na kila mara niliona ni kichekesho cha mtu asiyejua kuigiza. Pale makaburini nilielewa anachokataa.

Tuliporudi, bibi alikuwa ameshaifua kanga yangu na kuianika mbele ya hita. Alitaka kujua maandishi yake yanasemaje. Yanasema *Wema hauozi*. Mjukuu alihangaika kidogo na lile neno kuoza, mwisho akaonyesha chungwa lililoharibika bakulini. Bibi akaelewa.

Siku ya 6, Jumamosi 11 Mei: kilima

Kulikucha kweupe. Tulitoka saa moja na nusu na mkate, jibini na tango, na safari hii bibi naye alikuja.

Njia ile ya zigizaga iliyo maarufu haikuwepo mlimani tangu zamani. Kiarostami aliichimbisha kwa ajili ya filamu, mti mmoja kileleni, mtoto anapanda mbio. Kitu kinachoonekana cha kweli kuliko vyote katika filamu kilitengenezwa, na wale wanaoonekana kuigiza walikuwa wanaishi. Tulisimama chini. Majani yalikuwa yamefika magotini, na jua la ubavuni lilichora mkunjo mmoja hafifu, kisha mwingine. Sikupiga picha haraka. Bibi alikaa kwenye jiwe na kumenya tango.

Tulipanda kwa taabu kidogo, pumu yangu haipendi milima. Kutoka juu unaiona mizeituni ya bondeni, na ukielekea upande wa pili ni Poshteh. Tulitembea kwa kupumzika pumzika. Tulikutana na mwanamume mwenye punda amebeba nyasi, na watoto wawili waliotufuata hadi tulipogawana mkate. Vaa viatu vya kushika ardhi, udongo wao ukilowa ni sabuni. Maji beba mwenyewe.

Njiani nilimweleza binti habari za mzee Ruhi, amtafsirie bibi. Katika filamu ya kwanza yeye ni seremala mzee anayetembea na mtoto usiku, akimwonyesha milango na madirisha aliyoyatengeneza. Katika ya pili anatokea tena baada ya tetemeko, amebeba choo cha kauri mgongoni, kwa maana waliobaki hai wanakihitaji. Na anaanza kulalamika. Anasema kwenye ile filamu walimwekea kibyongo na kumzeesha kuliko alivyo. Anaingia kwenye nyumba, kisha anakiri kwamba si yake, ni ya filamu. Anatafuta bakuli la kunywea maji halioni, mpaka anamwita mtu wa nyuma ya kamera amletee. Kiarostami aliyaacha malalamiko yale ndani ya filamu, yote. Husimuliwa pia kwamba mtoto wa filamu ya kwanza alilia darasani kwa sababu picha yake aliyoipenda ilichanwa mbele ya macho yake. Hilo nalijua siku nyingi na sijawahi kulipenda. Lakini Kiarostami ndiye huyohuyo aliyeendesha gari kwenye barabara zilizokatika kuwatafuta watoto wake wa filamu, na ndiye aliyemrudishia mzee Ruhi mdomo wake.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Akauliza: "Na wewe, mama yako uliyempiga picha, alisema nini?"

Nikamwambia hakusema kitu.

"Ulimuuliza?"

Tuliteremka Poshteh bila mimi kujibu.

Siku ya 7, Jumapili 12 Mei: Rasht

Kuagana kulichukua asubuhi nzima. Nilijaribu kuacha pesa chini ya mto; nilizikuta Rasht ndani ya mkoba wangu, zimefungwa pamoja na kopo la zeituni. Koti alikataa nilivue. Kanga yangu nilimwachia, hiyo aliipokea mara moja bila taarof.

Savari, teksi ya kuchangia, Rostamabad hadi Rasht ilikuwa tomani 70,000 kwa kiti. Soko la Rasht ni la kutembea nusu siku: samaki wa moshi, vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye siki miaka hadi vikawa vyeusi, mafungu ya majani ya kupikia kama mchicha wa soko letu la Mgandini. Kula supu kwenye vibanda vya ndani; yangu ilikuwa tomani 60,000, mkate bure.

Nilikuwa nimepanga kumpigia mama jioni. Nilikuwa na la kumuuliza. Ujumbe ulibaki na alama moja. Nikadhani ni VPN, nikabadilisha tatu. Nikamwandikia kaka, binamu, jirani, alama moja. Mwenye hoteli aliniwashia simu yake ya kawaida, nikapiga, haikushika. Nilikaa kitandani hadi saa nane usiku nikiwaza mvua, mafuriko, presha ya mama. Kesho yake ndipo niliposoma kwamba nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikuwa zimekatika na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikuwa na shida ya mtandao. Nilipoteza usiku mmoja nikisubiri simu. Mama aliisubiri ya baba siku sita, na mimi nilikuwa nimemwomba aisubiri tena kwa ajili ya kamera.

Siku ya 8 na ya 9, Jumatatu 13 na Jumanne 14 Mei: kurudi

Basi la kurudi Tehran lilichukua muda wa saa tano tu, ukiondoa Alhamisi na Ijumaa njia ni nyepesi. Alasiri nilikwenda Lavasan, milimani kaskazini mashariki mwa mji, alikozikwa Kiarostami. Alifariki Paris tarehe 4 Julai 2016. Nikamsomea naye.

Begi langu nilikabidhiwa uwanja wa ndege, kufuli halijaguswa, wakati ninaondoka nalo. Ukiacha tiketi, siku zote hizo nilitumia dola 186, na zingekuwa zaidi kama si bibi.

Tanga

Zeituni mama hakuzipenda. Kaka alizimaliza.

Sikumwonyesha filamu siku ya kwanza wala ya pili. Siku ya tatu, baada ya isha, nilimwambia, "Mama, ile video sijawahi kukuonyesha." Akasema, "Nakusubiri mwaka, mwanangu." Tukakaa mkekani, simu tumeiegemeza kwenye kopo la unga. Alicheka sehemu za vitumbua, akamsuta kaka kwa kutokuoga. Tulipofika kwenye simu alinyamaza. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akaniambia nisimamishe.

"Hii kanga ya wifi yangu."

"Ndiyo mama. Nilikubadilisha mimi."

"Siku ile nilivaa ya maua. Ndiyo niliyojifunga kwendea kumwona baba yako." Akaikaribia simu. "Na hapa nimeipokea haraka. Mimi sikuipokea. Ililia, nikaiacha. Ikalia tena, nikaiacha. Nilijua. Ya tatu ndiyo nikaishika. Hilo hukuniuliza."

Nikamwambia sikujua.

"Hukuniuliza," akarudia, bila hasira, akainuka akaingia chumbani. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Alirudi amejifunga ya maua mekundu, imepauka kwenye pindo, akaketi pale pa siku zote karibu na mlango wa uani, simu yake akaiweka sakafuni mbele ya miguu.

"Haya, washa. Na taa usizihamishe."

Maua yale kwenye kioo cha simu yangu yalikuwa yanamwagika, mekundu yote, hayana pembe. Nikayaacha. Kaka akatoka uani na simu yake kumpigia.

Ikalia mara ya kwanza. Mama hakugeuka.